Samaki Aliyesingiziwa

Bibi yangu alinilea Suguti, hatua chache kutoka ziwani, katika nyumba ambayo kila mtu alikula samaki isipokuwa mimi. Wenzangu wakichambua sato, mimi navuta mlenda huku nimenuna.

Chanzo kilikuwa siku moja nikiwa na miaka saba. Koo lilinivimba, nikapelekwa zahanati, nikachomwa sindano. Ilikuwa ile miaka ya foleni za sukari na sabuni, dawa nazo za kubahatisha, na bibi alirudi nyumbani akishukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe. Tulipofika akanipa kipande cha sangara. Sikukimaliza. Mwili ulijaa vipele, midomo ikafura, macho yakafumba. Nilipotulia jioni, bibi alikuwa ameshatoa hukumu: ni sangara. Wakati huo sangara alikuwa bado mgeni kwetu, wazee wakimtilia shaka kwa ukubwa wake na mafuta yake. Na dawa iliyopatikana kwa shida vile, nani angeituhumu? Ili asikosee, bibi akanipiga marufuku samaki wote, hata dagaa.

Nilitii miaka zaidi ya kumi na miwili. Nikaolewa Butiama, kwa wafugaji, nikahamia na marufuku yangu.

Huko ndiko jino lilikonivimbisha shavu. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa mijini, na mume wangu alipokwenda Bunda mnadani alirudi na vidonge vya rangi mbili, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Hakuna aliyemwuliza cheti. Asubuhi nilikunywa uji, nikameza kimoja, nikakaa kupepeta mtama.

Sikuumaliza. Viganja vilianza kuniwasha, kisha shingo, kisha vipele vikatapakaa mwili mzima. Ulimi ukawa mzito na pumzi ikaanza kutoka na mluzi. Niliogopa kufa, sisemi kwa kupamba.

"Umekula samaki!" mume wangu alifoka.

"Uji," nikasema, sauti haitoki.

"Sasa ni nini, na wewe hulagi samaki?"

Alinipandisha kwenye baiskeli, akanifunga kwa kitenge mgongoni pake nisianguke, akakanyaga mpaka kituo cha afya.

Daktari wa pale hakuuliza habari za samaki. Alitazama midomo yangu, akasikiliza kifua, akanichoma sindano pajani. Baada ya hapo ndipo alipouliza nimemeza dawa gani. Mume wangu akatoa ile karatasi mfukoni.

"Umewahi kuvimba hivi siku nyingine?"

Pumzi ilikuwa inarudi. Nikamsimulia ya sangara.

"Na siku hiyo, kabla ya kula, ulichomwa sindano?"

"Ndiyo."

Akacheka, ila si kwa dharau. "Mama, samaki hana kosa. Mwili wako unakataa penisilini, na hivi vidonge ni ndugu yake. Ukimeza tena, unaweza usifike hapa."

Akaliandika jina hilo kwa wino mwekundu kwenye daftari langu la matibabu, akanibakiza mpaka jioni, hali isije ikanirudia. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Halafu nikakasirika: miaka yote ile ya mlenda!

Wiki iliyofuata nilikwenda Suguti na hasira zangu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akashika mdomo.

"Kumbe nilikuwaga nakunyima bure," akasema, akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Hapo lawama zote nilizokuwa nimezipanga njiani zikaniishia.

Akapika sangara kwa nyanya. Alinichambulia miiba kama mtoto, akakaa mbele yangu akiangalia midomo yangu kila nilipotafuna. Nilikula mpaka nikalamba vidole, na midomo haikufura.

Kisha akaniomba nimtajie jina la ile dawa. Hakujua kusoma, kwa hiyo alilirudia huku anaosha vyombo: penisilini, penisilini.

Mwaka uliofuata nilijifungua Musoma, nikiwa hoi, hata kusema siwezi. Muuguzi alikuja na bomba la sindano, na kabla sijafumbua macho nikamsikia bibi mlangoni.

"Huyo hachomwagi penisilini," alisema. "Samaki, mleteeni."