Hawe na Mzee wa Ukutani

Nilipokuwa mtoto niliamini kanisa letu lina wenyeji wawili: Mungu ndani, na babu wa babu yangu nje, ubavuni mwa ukuta wa kusini. Mungu sikumwona. Babu nilimwona kila Jumapili: kigango cha mbao ngumu, kirefu kunishinda, kichwa cha duara, kiunoni kimefungwa vitambaa. Kwetu Wagiriama, mzee mwenye heshima akifa huchongewa kigango, na koma yake, yaani roho yake, hukaa hapo na kuwaangalia wanawe.

Siku hizi parokia ikisimulia historia yake, msemaji huwataja wamisionari waliokuja kwa miguu, mawe ya matumbawe, chokaa, hata kengele. Husahau tu kwamba kiwanja kilitolewa na ukoo wetu kwa sharti moja: mzee asiguswe. Ndiyo maana ukuta ule umepinda kidogo, kama mtu anayempisha mkubwa wake njiani.

Nilipokuwa darasa la tatu, kanisa lilikuwa limejaa. Watu wa bara walikuja kufanya kazi Kilifi, wakawa wanasali wamesimama juani. Kamati ikaamua kupanua upande wa kusini. Hawakuwa watu wabaya, nalisema hilo wazi. Katekista wetu, kijana mpole wa kutoka bara, aliking'oa kigango, akakiosha kwa sabuni, akakifunga leso mpya na kukilaza sakristia, chumba cha mavazi ya padri, kando ya mishumaa. Alidhani amempa mzee heshima.

Hawe, yaani nyanya yangu, ndiye aliyekuwa akifagia kanisa. Aliimba pia, kwa sauti iliyowaamsha waliolala kwenye mahubiri. Alipoliona lile shimo tupu alikaa chini.

"Kigango hakihamishwi," akasema. "Hata sisi tukihama, tunamwacha palepale. Leo mmemfungia mzee ndani. Ataanza kuwatafuta wajukuu."

Wiki ile ile nikashikwa na homa. Mama alinipeleka hospitali, nikadungwa sindano, nikarudishwa nyumbani bado naweweseka. Nakumbuka kiganja cha Hawe kwenye paji langu, na sauti yake akimwambia mama, "Huyu simtoi kwa yeyote."

Jumamosi alikwenda kufagia kama kawaida. Akafungua sakristia, akakitoa kigango, akaanza kuchimba mbele ya kina mama waliokuwa wakipanga maua. Shangazi yangu alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Katekista alikuja mbio.

"Mama, ukifanya hivi siwezi kukuficha kwa padri."

"Usinifiche, mwanangu. Nishikie hiki kisianguke."

Akakishika, maskini! Hawe akashindilia udongo, akamwaga tembo la mnazi kidogo, akamwomba mzee radhi kwa usumbufu.

Kesho yake homa ikashuka. Mama alisema ni sindano. Hawe hakubishana, alinikorogea uji.

Padri alipopata habari za tambiko lile, alimzuia kupokea komunyo mpaka atubu. Lilikuwa jambo jepesi tu, kwenda kitubio na kusema amekosa. Wangapi husema na kuendelea na yao!

"Nitatubuje," Hawe alimwambia, "na siku ile ikirudi nitachimba tena? Nimdanganye Mungu nyumbani kwake?"

Nadhani padri mwenyewe alisikitika, maana kigango hakikuguswa tena, na kanisa likapanuliwa upande wa kaskazini. Lakini zuio halikuondolewa. Kila Jumapili Hawe alifagia, akaimba, na mstari wa komunyo ulipoanza kusogea akabaki kitini akitazama mikono yake. Ilimuuma, niliona. Nami kwa utoto wangu nilidhani anawaogopa koma kuliko Mungu, nikamwonea aibu mbele ya wenzangu.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza alinisuka, akaninyoosha gauni, akanisukuma taratibu kwenye mstari. "Nenda. Usigeuke."

Niligeuka. Benchi zima lilikuwa limekwenda mbele, yeye peke yake amepiga magoti, ananitazama huku akilia na kutabasamu.

Alifariki kabla ya kuruhusiwa tena. Iwapo niliponywa na sindano au na mzee, sijui, na nimeacha kuuliza. Ninalojua ni kwamba Hawe aliipenda meza ile ya Bwana kuliko kitu chochote duniani, isipokuwa mimi.