Nilivyomzika Mke Wangu kwa Gia ya Pili

Nilimzika mke wangu Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya mlolongo wa magari na polisi aliyekuwa analia.

Muda huohuo mke wangu alikuwa jikoni anakaanga kuku. Anaimba.

Najua. Hapa Kentucky wanaonifahamu wanasema Verlin Tackett akikuambia mvua inanyesha, chungulia dirishani kwanza. Sawa. Lakini hii sijatia chumvi hata punje. Kamuulizeni Dada Opal wa kanisani. Mpaka leo akikutana na mke wangu dukani, anamgusa mkono kwanza ndipo amsalimie.

Tuanze na gari.

Nina vani ya familia, ile ya milango ya kuburuta. Ina umri mkubwa kuliko mbwa yeyote niliyewahi kufuga. Siku moja ikagoma kupanda gia. Ukikanyaga mafuta inanguruma kama ng'ombe anayezaa, lakini kwenye gia ya pili haitoki.

Ugonjwa niliujua mwenyewe. Niliangalia video mbili mtandaoni. Ya pili sikuimaliza, kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa fundi.

Ilikuwa solenoidi. Ni kidubwasha cha alumini, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kimefungwa ubavuni mwa giaboksi. Ndicho kinachoamua oili ipite wapi ili gia ibadilike. Kikifa, giaboksi inashika gia ya pili na kununa.

Nikanunua mpya.

Hapo ndipo binti yangu Rhonda akaingilia. Rhonda anafanya kazi kwa sherifu wa kaunti, yeye ndiye anayeongea na polisi redioni. Kwa hiyo hata akiomba chumvi mezani, unahisi umekamatwa.

"Baba, sikiliza. Mpaka Jumamosi jioni, gari lifike kwangu likiwa linapanda gia zote. Lisipofika, unanikabidhi funguo. Vani inaenda skrepa, na wewe unaanza kupanda basi la wazee."

"Basi la wazee anaendesha nani?"

"Dwayne Mullins."

Dwayne Mullins! Huyo nimemfundisha mimi kushika usukani! Mimi niliyeendesha basi la shule kwenye hii milima mpaka nikastaafu, nipakiwe na Dwayne kama mzigo wa viazi?

Na huku kwetu kila kitu kiko mbali. Mtu asiye na funguo ni kochi. Wanamsogeza wakitaka kufagia.

Jumamosi asubuhi nikaanza kazi hapo nje ya nyumba. Jirani yangu Burl akaja na kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa. Burl hasaidii kazi. Burl anahudhuria.

"Verlin, una uhakika unajua unachofanya?"

"Nimeangalia video."

"Mimi juzi nimeangalia video ya upasuaji wa moyo. Lala hapo nikupasue."

Nikachomoa waya wa betri, nikatoa boksi la chujio la hewa, nikachomoa plagi, nikafungua boliti tatu. Oili nyekundu ikanichuruzika mpaka kwapani. Solenoidi ya zamani ikatoka, nyeusi kama sufuria ya kambini.

Sasa, duka la vipuri wanataka uwarudishie ya zamani, ndipo wakurudishie sehemu ya pesa. Mtu mwingine angerudisha chafu vilevile. Mimi nikaisugua kwa petroli na mswaki (wa nani, tuyaache) mpaka ikang'aa kuliko ile mpya.

Na kwa kuwa mimi ni mtu makini, nikaikwaruza V ubavuni kwa msumari. V ya Verlin. Ili nisije nikazichanganya.

Nikazilaza zote mbili juu ya gazeti, zinang'aa kama mapacha siku ya ubatizo.

"Verlin! Chakula!" Huyo ni Nadine, mke wangu.

Nikaenda kula. Sandwichi ya nyanya, ya pili, na usingizi mdogo kwenye kiti. Nikarudi, nikafunga solenoidi, nikabana boliti, nikarudisha plagi na betri. Safi kabisa. Hata Burl alikunja kiti chake, akaenda kwake.

Ikabaki ile ya kurudisha dukani. Boksi lake la karatasi lilikuwa limelowa oili. Nikaingia ndani kimyakimya, nikachukua boksi la Nadine la nyuzi na sindano. La mbao, limepigwa vanishi, bawaba za shaba. Nikamwaga nyuzi kwenye droo, nikaweka solenoidi, nikafunga. Juu nikatandika kitaulo cheupe.

Nikaliweka kiti cha mbele. Kile ni kiti cha Nadine, na oili ikidondokea pale nitaenda kuishi kwa Burl. Kwa hiyo nikalifunga na mkanda.

Nikatoka. Dukani kwanza, kisha kwa Rhonda nikamwoneshe kazi.

Mwanzo vani ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kupiga mluzi. Kufika barabara kuu ikatikisika kama mtu aliyekumbuka jambo. Ikaganda.

Gia ya pili.

Nilikanyaga, nikabembeleza, nikatukana. Hakuna. Na kurudi nyumbani siwezi, Burl yuko barazani na kahawa ya pili. Nikasema potelea mbali, nitafika hivihivi, labda itajirekebisha njiani. Nikawasha taa kubwa, nikawasha za hatari, nikaenda taratibu pembeni.

Lori likaja mbele yangu. Likasimama kando ya barabara. Dereva akavua kofia, akaiweka kifuani.

Nikampungia mkono. Watu wana adabu siku hizi, nikasema moyoni.

Gari la pili likasimama. La tatu. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Nikatazama kwenye kioo.

Mungu wangu.

Nyuma yangu magari yamejipanga mpaka kwenye kona, yote yamewasha taa.

Ndivyo tulivyo huku. Ukikuta gari linatambaa limewasha taa, huulizi nani amekufa. Unawasha zako, unafuata. Jina utalisikia ukifika.

Nikataka kuchepuka. Ghafla gari la polisi likanipita, taa za buluu zinazunguka, likashika usukani wa msafara. Afande Pruitt, kijana anayefanya kazi na Rhonda. Akasimamisha magari kwenye njia panda, akanipungia nipite kwenye taa nyekundu. Yaani mimi, na solenoidi yangu, tunapita taa nyekundu kama rais.

Duka la vipuri nililiona likipita dirishani. Nililiaga.

Pruitt akakata kushoto, kwenye makaburi ya kanisa letu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikakata kushoto.

Nikasimama. Milango nyuma yangu ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine. Dada Opal ndiye alinifikia kwanza. Akachungulia dirishani, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye kiti cha Nadine.

Miaka yote ya ndoa yangu hakuna mtu aliyewahi kuniona kwenye ile vani bila Nadine kukaa pale ananielekeza. Leo pale pamekaa boksi la mbao, kama yale wanayotilia majivu ya marehemu aliyechomwa. Lina kitaulo cheupe. Limefungwa mkanda.

"Nadine!" Dada Opal akapiga yowe. "Yesu wangu! Jana tu nimeongea naye!"

Nikafungua mdomo kueleza. Kabla sijatoa neno, nikakumbatiwa na watu wanne kwa mpigo, wawili siwajui kabisa.

Afande Pruitt akavua kofia. Machozi yanamtoka. "Pole sana mzee wangu. Ngoja nimwite Rhonda redioni."

"Usimwite Rhonda!" nikapiga kelele.

Wakadhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli. Rhonda akija atauliza gari lina nini, na hapo funguo zimeondoka.

Kwa hiyo ndugu zangu, nikakausha.

Sikudanganya hata neno moja. Hakuna aliyeniuliza.

Kaburi letu lipo pale, tulilinunua zamani kukiwa na punguzo. Jiwe moja, majina mawili, Verlin na Nadine, tarehe za mwisho bado wazi. Mtu akaleta koleo kutoka banda la makaburi. Shimo dogo likachimbwa upande wa Nadine. Mchungaji naye akapatikana, wa kanisa jingine kabisa, alikuwa anaenda kuvua samaki akaunga msafara. Akaomba vizuri sana, na ndoana zikimning'inia kwenye kizibao kifuani.

Wakaimba. Nikaimba na mimi, sauti ya chini.

Boksi likashuka.

Kurudi, wote walinipita njiani. Mimi bado gia ya pili.

Kwa hiyo nyumbani walinitangulia. Nadine anasimulia kwamba aligongewa mlango, akafungua na kijiko cha kukaangia mkononi, akamkuta Dada Opal ameshika bakuli kubwa la maharage ya kuoka.

Opal akaliachia. Likapasuka kizingitini.

"Nadine! Wewe si umekufa?"

"Nimekufa na nini?"

"Hatukuuliza!"

Nilipofika, sebule imejaa wafiwa wanakula kuku wa marehemu. Nadine alinitazama kwa namna ambayo vitani ingepigwa marufuku.

"Kunizika, sawa," akasema. "Lakini kwenye boksi langu la nyuzi, Verlin?"

Kabla sijajibu, breki zikalia nje. Rhonda, na sare zake, macho mekundu. Pruitt alikuwa ametii. Hakumwita. Alimpa pole tu redioni, kaunti nzima inasikia.

Akamwona mama yake. Akamkumbatia akalia. Kisha akafuta machozi. Kisha akanigeukia taratibu, na mkono akaunyoosha.

"Funguo."

"Mwanangu, gari nimelitengeneza. Solenoidi ni mpya. Njoo uone mwenyewe."

Tukatoka wote, na wafiwa na sahani zao. Nikafungua boneti, nikatoa boksi la chujio, nikamulika.

Ubavuni mwa solenoidi kulikuwa na alama. V.

Burl, ambaye alishafika na kiti chake, akachungulia. "V ya nani hiyo, Verlin?"

Nikaisugua kwa kidole, haikutoka.

Nilikuwa nimeirudisha ya zamani. Nimeisugua, nimeing'arisha, nimeitia alama nisiichanganye, halafu nimeifunga palepale ilipotoka.

Rhonda akavuta pumzi. "Baba. Na mpya iko wapi?"

"Iko... na mama yako."

Kutafuna kukakoma.

Nadine akavua aproni. "Lete koleo."

Tukaenda. Mimi na Nadine kwenye vani, gia ya pili, taa zimewashwa. Rhonda nyuma yetu. Na barabarani magari yakaanza tena kutupisha, watu wanavua kofia. Nadine akawa anawapungia mkono mmoja mmoja kama malkia.

"Wanakupenda," nikamwambia.

"Nyamaza, Verlin."

Alichimba mwenyewe. Mimi nilikatazwa kugusa chochote. Jua bado lipo juu, yeye amesimama kwenye kaburi lake, koleo mkononi, nywele zimetimka, anatukana taratibu.

Afande Pruitt akatokea nyuma ya miti. Ameleta maua, maskini. Nyeupe.

Nadine akainua kichwa. "Pruitt! Usisimame hapo kama mlingoti, njoo ushike hili boksi!"

Maua yakaanguka. Pruitt akarudi kinyumenyume mpaka kwenye gari lake, akapapasa mlango, akaingia kiti cha nyuma, kile cha wahalifu, akajifungia. Milango ya kule haifunguki kwa ndani. Rhonda ndiye alikwenda kumtoa, na alichukua muda, kwa sababu Pruitt hakutaka kutoka.

Jumapili baada ya ibada nikafunga ile mpya. Nadine amesimama pembeni anashika ya zamani kwa mikono miwili, haiweki chini hata kwa sekunde. Tukawasha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Laini kama siagi kwenye mkate wa mahindi moto.

"Umeona?" nikamwambia Rhonda kwa kifua mbele.

"Nimeona. Nilisema Jumamosi jioni. Leo Jumapili." Mkono ukanyooshwa tena.

Nikazitoa mfukoni. Nikaziangalia. Basi la Dwayne nikaliona kabisa linakunja kona.

Nadine akazichukua kabla hazijafika kwa Rhonda.

"Hakuna anayepanda basi, wala vani haiendi skrepa," akasema. "Marehemu ataendesha."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Nadine anaendesha. Anaendesha taratibu, taa kubwa zimewashwa mchana, maana anasema macho si yale ya zamani. Giaboksi ina gia nne nzima, nilizozihangaikia mimi, na yeye haivuki ya pili.

Mimi nakaa pale lilipokaa boksi. Nimefungwa mkanda.

Funzo langu ni hili, na lishikeni: ukivua kifaa kibovu usikisafishe. Kiache na uchafu wake, kijulikane. Na ukiwa mwanamume mwenye akili, jambo likianza kwenda mrama, sema mapema, watu wakiwa bado kwenye magari yao.

Juzi tu tulikuwa tunakwenda dukani. Lori likaja mbele yetu, likasimama kando. Dereva akavua kofia, akaiweka kifuani, akanitazama mimi kwa huruma.

Nikampungia.