Beki Aliyesalimiwa Mara Mbili

Ronan Abgrall amecheza soka la kulipwa miaka kumi na sita, na katika muda huo wote amefunga magoli manne. Mawili aliyafunga kwenye lango lake mwenyewe. Hilo hulisema yeye kabla hujamuuliza, kwa sauti ile ile ndogo anayoagizia mkate.

Alizaliwa katika mkoa wa Bretagne, kwenye shamba la baba yake la koliflawa. Alipokuwa na miaka kumi na minne, shule ya soka ya mjini ilimkataa kwa kuwa hakuwa na mbio. Akajifunza kusimama mapema pale mpira utakapofikia. "Wenzangu walikuwa wakikimbia kufika," husema. "Mimi nilikuwa nimeshachoka kuwangoja." Kwa ujuzi huo alizunguka klabu tano za daraja la pili na la tatu, kisha akarudi kuchezea klabu ya kwao, karibu na mkewe Enora, mwenye mkahawa wa chapati nyembamba za ngano nyeusi.

Msimu alipotimiza miaka thelathini na sita, mkataba wake ulikuwa unakwisha Juni. Klabu ilikuwa na nafasi moja tu ya beki wa kati: ama yeye, ama Loïc Vidal, mwenye miaka ishirini na minne, mbio, na nywele nzuri. Mwenyekiti alimwachia kocha Castaing achague, na jibu lilikuwa litoke Ijumaa baada ya mazoezi. Kazi nyingine Ronan hakuijua. Likizo moja alijaribu kuvuna koliflawa, akalala kitandani wiki nzima kwa maumivu ya mgongo.

Kwenye vyumba vyote vya kubadilishia nguo alivyowahi kupita, anayeingia asubuhi humpa mkono kila mtu, mmoja mmoja, kuanzia mfua jezi hadi kipa. Ni mara moja tu kwa siku. Ukimpa mtu mkono tena, umemwambia kwamba ile mara ya kwanza hukumwona. Ndiyo maana ukikumbuka husema, "Tumeshaonana," ukapita.

Ijumaa hiyo Ronan alikutana na kocha kwenye maegesho. Wakapeana mikono, wakaisema mvua. Robo saa baadaye Castaing akaingia chumbani, akazunguka akisalimia, akafika kwa Ronan na kunyoosha mkono.

"Habari za asubuhi, Ronan. Mvua hii, eh?"

Ronan angeweza kusema wameshaonana. Akamwonea kocha aibu, akaupokea mkono. "Nzuri, kocha. Mvua kweli."

Wenzake, waliokuwa wamewaona wakisalimiana kule maegesho, wakatazamana. Kocha alipotoka tu, kipa Gassama akaanza.

"Pole, mzee. Ndiyo umekwenda hivyo."

"Nimekwenda wapi?"

"Pande la mtu kama wewe, kakusahau ndani ya robo saa! Afadhali hata hilo benchi, angelikumbuka."

"Labda kanipenda sana."

Wote wakacheka isipokuwa Vidal. Vidal alimtazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Ronan akaamua kwamba leo lazima aonekane.

Mazoezini, yeye ambaye miaka yote alimpasia aliye karibu, akauchukua mpira na kupanda nao. Mtu wa kwanza alimpita, kwa sababu aliteleza. Wa pili alikuwa winga wa upande wake mwenyewe. Wakagongana, mpira ukapotea, wakafungwa.

"Rudi, mzee! Huko si kwenu!" Gassama alipiga kelele.

Hakurudi. Akajaribu pasi ya kisigino, akapiga hewa. Akaachia shuti kutoka katikati ya uwanja, mpira ukavuka uzio, na king'ora cha gari la mtu kikaanza kulia.

Castaing alimwita ofisini na matope yake.

"Una homa?"

"Hapana, kocha."

"Sasa yale yalikuwa nini?"

Ronan akamweleza. Castaing akajishika kichwa.

"Nilikupa mkono mara mbili? Mbele yao?"

"Mbele ya wote. Na mvua pia uliisema mara mbili."

"Nisamehe, Ronan. Tangu alfajiri nilikuwa nawaza nitamwambiaje Vidal. Jina lako nilimpa mwenyekiti tangu jana." Akashusha pumzi. "Lakini leo mwenyekiti alikuwa dirishani. Amenipigia simu, anauliza, huyu kichaa ndiye tunayempa mwaka mzima?"

Ronan alikuwa ameshapata alichokitaka, kisha akakipiga mateke mwenyewe.

"Mwambie aangalie mechi ya kesho," alisema. "Asiporidhika, amchukue Vidal."

Kesho yake alisimama pale mpira ulipokuwa ukifika. Mshambuliaji wa wageni hakupata nafasi hata moja, na dakika zote tisini mtangazaji hakulitaja jina la Abgrall. Wakashinda moja bila. Ngazini, Castaing akamsubiri mwenyekiti.

"Umemwonaje Abgrall?"

"Abgrall?" Mwenyekiti alifikiri. "Leo alicheza?"

"Huyo ndiye ninayemtaka."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta. Jumatatu Ronan alitia sahihi mwaka mmoja.

"Yaani umepata kazi kwa kutoonekana?" Enora alimuuliza mkahawani.

"Ndiyo kipaji changu, mke wangu."

"Haya. Hapa kwangu nataka uonekane. Vyombo vile pale."

Akakunja mikono ya shati, akaenda kuviosha.