Mkwe Wangu Amebeti kwa Jina Langu, na Mimi Ndiye Ninayedaiwa Mbuzi

Admin, lifiche jina langu, lakini maneno yangu uyaache kama nilivyoyaandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na miwili, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaishi Makanyagio, hapa Mpanda. Nimeandika mara nyingi nikafuta, kwa sababu hasira ilikuwa inanizidi. Leo hasira ni ileile, lakini sifuti.

Binti yangu wa mwisho, nitamwita Neema, ameolewa na kijana wa Mishamo. Sina ugomvi na kwao. Wazazi wake ni wakulima, watu wa kanisa, na walinipokea kwa heshima. Baada ya ndoa kijana alikuja mjini kuendesha bodaboda. Namba yake ya kitambulisho cha taifa ilikuwa haijatoka, na bila namba hiyo mtu hasajiliwi laini ya simu. Neema akanijia. "Mama, atapataje wateja bila simu? Msajilie kwa jina lako. Yake ikitoka, atabadilisha." Nikaenda kwa wakala, nikaweka kidole, nikampa laini. Wengi huku wamesajiliana hivyo, mtu na shangazi yake, mtu na jirani yake. Namba ya kijana ilitoka baadaye. Laini haikubadilishwa.

Mtauliza kwa nini sikumdai. Kwetu, na kwao pia, mama mkwe hasemezani na mkwe wake wa kiume uso kwa uso. Akija nyumbani hukaa barazani, mimi nikiwa ndani, na maneno hupitia kwa Neema. Jina lake silitaji. Nimeishika adabu hiyo tangu siku ya posa. Kila nilipouliza habari za laini, Neema alijibu, "Nimemwambia, mama. Amesema atakwenda."

Nyuma ya nyumba yangu ninajenga vyumba viwili vya kupangisha. Kuta zimefika kwenye linta, na zimejengwa kwa udongo. Mvua zikizikuta bila bati, zitalala chini. Nikaenda benki kuomba mkopo wa wastaafu. Afisa, binti mdogo mwenye adabu, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, unaonekana una mikopo ya simu ambayo hujarejesha. Umeshaingizwa kwa wadaiwa sugu. Hatuwezi kukukopesha."

"Mwanangu, mimi sijawahi kukopa hata chumvi kwa jirani."

Akanisomea namba ya simu. Ilikuwa ile laini.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la kampuni ya simu. Kwa kuwa laini ni yangu, walinieleza yote. Mkopo ulikuwa ukiingia, na papo hapo fedha zinahamishiwa kwenye kubeti. Unachukuliwa mwingine kulipa wa kwanza, nao unakwenda hukohuko. Kumbe miaka yote niliyokaa ndani kwa heshima, mwenzangu wa barazani alikuwa anaichoma heshima yangu kwenye mpira!

Nilimkuta kwenye kibanda cha kubeti karibu na soko. Kijana mmoja alikuwa analalamika, "Oya, mkeka wangu wa mechi kumi umechanwa na timu moja tu!" Nikasimama mlangoni. Nikamwita mkwe wangu kwa majina yake matatu, kama ninavyoita mahudhurio darasani.

"Mwanangu umeisha!" mwenzake akacheka. "Mwalimu wa zamu huyo!"

Yeye akasimama, kofia ya pikipiki kifuani. "Mama, siyo hapa, tafadhali."

"Ni hapahapa. Umelichafua jina langu hapa, na utanijibu hapa."

Mnajua alinijibu nini? "Mama, nilikuwa nakaribia kushinda. Ningelipa yote."

Jumapili wazee wakakaa kwangu. Baba yake alitoka Mishamo, na upande wangu alikuja kaka yangu mkubwa. Nilidhani wamekuja kwa ajili ya deni. Kaka yangu, tumbo moja na mimi, akafungua kikao hivi: "Mdogo wangu, umemwita mkwe jina hadharani, mbele ya wahuni. Hilo ni kubwa. Toa mbuzi kwanza, ndipo tuingie kwenye hayo ya simu."

Hayo ya simu! Mzee wa Mishamo alikuwa ameinamisha kichwa. "Mwalimu, deni ni la mwanangu, silikatai," alisema. "Lakini mila nayo tusiiruke." Nikawaambia mbuzi sitoi, nikaingia ndani. Walikunywa chai yangu, wakaondoka.

Laini nimeifunga. Wakopeshaji wanasema nilipe, au nilete taarifa ya polisi kwamba aliyekopa ni mwingine, ndipo waanze kulishughulikia jina langu. Nikilipa kwa pensheni, hata chakula kitanishinda. Nikienda polisi, kijana atakamatwa. Neema amepiga magoti sakafuni kwangu. "Mama, ukimfunga baba yao, watoto nitawaambia nini?" Nikaahirisha. Kwa ajili yake tu, nikaahirisha.

Jana alikuja kuchukua unga. Nikamwuliza mumewe anapata wateja kwa simu ipi siku hizi. Akainama, akaanza kufunga na kufungua fundo la khanga.

"Neema, nakuuliza."

"Nimemsajilia nyingine, mama. Kwa jina langu. Ameapa hatabeti tena."

Sikumpiga, ingawa mkono uliinuka. Nimeketi hapa tangu jana, mawingu yamekwishaanza kujikusanya, na kuta zangu ziko wazi.

Ninyi wasomaji, habari za mbuzi msinishauri, hilo nimelimaliza. Niambieni hili tu: niende polisi nimpoteze binti yangu, au ninyamaze mpaka siku atakayoketi mbele ya afisa wa benki, naye asomewe namba ya simu?