Sahihi Iliyobaki Kizuka

"Mukishaingia kwenye karatasi ya kura, mutarudi tena huku?"

Mwanamke aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama kando ya mtambo wa kukamulia mawese huko Kizuka, mikono imelowa mafuta hadi viwikoni. Nilikuwa na fomu moja na kalamu mbili, na zilibaki saa mbili ofisi ya uchaguzi ya Rumonge ifungwe.

Chama chetu kilikuwa kidogo. Wanachama wote wa Rumonge tulienea sebuleni kwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu. Nilijiunga nikitoka chuo kikuu Bujumbura, kwa ubishi zaidi kuliko imani. Sheria ilitaka katika kila wagombea wanne mmoja awe mwanamke, na kila mgombea asaini mwenyewe kwamba amekubali. Mwanamke wa mwisho kwenye orodha yetu alikuwa huyu, ambaye mjini kazi yake ni kuanika ndagala, dagaa wa ziwani. Bila sahihi yake orodha nzima ingetupwa. Uchaguzi uliotangulia tuliukosa. Tukikosa na huu, alisema mwenyekiti, watu watajua tumekwisha.

Kosa lilikuwa langu. Ni mimi niliyechagua wiki ya mbalamwezi kukusanya sahihi. Wiki hiyo ndagala hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi inalala ufukweni, nikadhani waanikaji watakuwa wamekaa nyumbani. Miaka ya chuo ilinisahaulisha kwamba ndiyo wiki wanayotawanyika kwenda kukamua mawese.

"Mama, biro ya uchaguzi inafunga saa kumi na moja," nikamwambia.

"Na mafuta yangu iko kwenye moto."

"Musomi, si usaini wewe?" mwenzake akadakia. "Unatupita sisi wote kuandika." Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wazo hilo nilikuwa nalo tangu Rumonge.

"Hapana, mukono ni wangu," alisema mwanamke. "Babu yangu alifika huku wakati wa Wadachi, wale Wajerumani, na mpaka leo nikiomba karatasi wananiuliza nimetoka wapi. Sasa nikisaini hii, halafu wakaninyima nafasi ya kuanika kule ufukweni, nani atanitetea? Wewe utakuwa Bujumbura."

"Inawezekana," nikasema.

Akajifuta mikono kwa kitenge.

"Angalau huyu hadanganyi. Lete."

Aliandika polepole, kama mtu anayeshona. Kidole gumba kiliacha doa jekundu juu ya sahihi. Nilitaka kulifuta, nikaogopa kuharibu zaidi.

Pikipiki ilinifikisha Rumonge saa kumi na moja na dakika kadhaa. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, ameweka mguu kizingitini ili karani asifunge. Karani huyo kila mtu alijua ni wa chama kikubwa. Aliinua fomu kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Mawese," nikajibu.

"Ya wapi?"

"Kizuka."

Aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia mwenyekiti.

"Mumechelewa, mwalimu."

"Najua."

Karani akavuta muhuri, akagonga. Mwenyekiti alimshukuru, murakoze, mara tatu. Tulitoka tukitembea haraka, tukihofia atatuita. Njiani alinishika bega akasema kumbe hata upande wa pili wapo watu wenye haki, na mimi, ninayebisha kila kitu, hilo sikulibishia.

Jina letu lilikuwa kwenye kura. Hakuna aliyepita. Yule mwanamke alinyimwa nafasi yake ufukweni, akahamia Minago kuanikia huko.

Miaka mingi baadaye, karani yule akiwa ameshaacha kazi, aliniambia bila hata kuona haya kwamba wiki ile alikuwa ameagizwa na wakubwa wa chama chake asikatae orodha yoyote ya chama kidogo, hata ikija imechelewa, ili kura za wasiowataka zigawanyike.