Fimbo Zilizopewa Umri

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuzeesha fimbo. Tuliishi mlimani, juu ya Litembo. Baba alilima kahawa kidogo na kuchonga fimbo za waganga, zenye vichwa vya nyoka. Mchuuzi mmoja alizichukua na kwenda kuziuza ziwani. Lakini hazikuondoka kwetu zikiwa mpya. Baba alisema hakuna mgonjwa anayemwamini mganga mwenye fimbo nyeupe.

Yeye hakuita kuzeesha. Aliita kuzipa umri. Fimbo ilifukiwa wiki mbili kwenye shimo la maganda ya kahawa, ikatundikwa juu ya meko mpaka moshi uiingie, kisha ikapakwa masizi na mafuta ya nyonyo. Mimi nilisugua mahali pa kushikia kwa majani ya msasa, maana hapo ndipo mikono ya mababu ilipaswa kuwa imepita. Mama alilalamika kwamba hata ugali wetu unanuka uganga.

Fimbo moja niliiharibu. Kisu kiliniteleza, kikakata chini ya jicho la nyoka. Baba aliitazama, akasema, "Acha. Hata nyoka huwa na kovu." Ikauzwa pamoja na nyingine kabla ya Pasaka.

Mvua zilipokuwa zikiisha, mdogo wangu Eksaveri, wa miaka miwili, alishikwa na homa, akakakamaa, macho yakageuka. Degedege. Siku hizo iliaminika kwetu kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa papo hapo. Bibi, mama yake baba, alisimama mlangoni akasema mjukuu wake hapelekwi hospitali. Akaagiza aitwe mganga aliyekuwa amepanda kutoka ziwani na kufikia kwa jirani.

Mganga alikuja asubuhi hiyo hiyo. Alifungua mfuko wake, akatoa fimbo.

"Hii aliishika babu wa babu yangu," alimwambia bibi. "Kovu hili ni la meno ya mamba."

Nililiona kovu. Sikufikiri. "Baba, si pale kisu kiliponiteleza?"

Nilikuwa nimeonywa mara nyingi nisitaje kazi yetu mbele ya wageni, na baba angeweza kuninyamazisha. Mama alikuwa amempakata Eksaveri, anamtazama baba tu. Baba akaichukua fimbo mkononi mwa mganga, akaikwangua shingoni kwa kisu. Weupe wa mti ukatokea.

"Mama, hii nimeichonga mimi. Kabla ya Pasaka ilikuwa shimoni, kwenye maganda."

"Sasa mwongo ni nani, wewe au huyu?" bibi akamuuliza.

"Wote wawili, Mama. Naomba mtoto."

"Fundi," mganga akasema, "leo umejifungia duka."

"Najua."

Bibi alifungua kanga yake ya mabegani, akampa mama ambebee mtoto. Hofu ya sindano ilikuwa bado haijamtoka, lakini alipisha mlangoni.

Eksaveri alipigwa sindano. Siku ya tano alirudi mgongoni kwa mama, analilia ndizi.

Mchuuzi hakuja tena. Kilabuni walimwita baba "Babu wa Babu" kwa miaka mingi, naye aliitika. Tangu hapo alichonga mipini ya majembe, akaiuza ikiwa mipya na myeupe. Sikumsikia akijuta, wala hakunigombeza kwa kuropoka kwangu. Kwa hilo pia ninamshukuru.

Ile fimbo mganga aliiacha kwetu. Baba alipofariki niliichukua, na sasa imetundikwa sebuleni kwangu. Pale alipokwangua pamekuwa peusi penyewe, bila masizi wala mafuta. Eksaveri akija kunitembelea huniomba aipake vanishi, nami hukataa. Mwezi uliopita alisimama chini yake akinitania kuhusu nyoka wangu mwenye kovu, nikamtazama kichwani.

Baba alizipa fimbo nyingi umri, na wote ulikuwa wa uongo. Huyu alimpa wa kweli. Ameanza kuota mvi.