Uzi Kwenye Kopo la Vifungo

Mimi nina macho ya kushuku. Nimezaliwa nayo na simwombi mtu radhi.

Nilianza kumshuku kinyozi wa mtaa wa pili. Kila jioni alikuja chumbani tunamoshonea, mdogo wangu kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na pindo, hao wawili wakajitenga nyuma ya pazia wakinong'ona. Kwamba wanapendana nilijua zamani, nikajitia hamnazo. Lakini mdogo wangu alikuwa amenyong'onyea, shati la mteja linamlalia mapajani asubuhi nzima. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Kinyozi alipokuja nikamwambia, "Hayupo." Mara tatu nilimjibu hivyo, na mwenyewe amelala usingizi palepale nyuma ya pazia. Kinyozi akaacha kuja.

Mwezi haukwisha, mdogo wangu akapunguza kiuno cha suruali yake mara mbili.

Siku moja natafuta vifungo vyeusi, nikafungua kopo asilotaka niliguse. Chini kabisa palikuwa na chupa ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Nilizijua, shangazi yetu anameza hizohizo na amenenepa kutushinda sote. Sasa huyu anakondea nini? Nikarudisha kopo, nikapitisha uzi mwembamba kwenye kifuniko, nikangoja.

Siku tisa uzi haukukatika.

Nikafunga mlango mchana kweupe. "Dawa humezi. Kwa nini?"

Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Ili iweje, dada? Naamka sitaki kuamka. Tulikuwa tunameza pamoja, saa moja jioni. Ananishikia kikombe hata nikikataa. Siku hizi haji. Amenichoka."

Nguoni mwake nilikuwa mimi.

"Hajakuchoka," nikasema. "Nilimfukuza mimi."

Aligeukia ukutani. Bora angenipiga.

Nilikwenda kwa kinyozi nikiwa na sindano bado kifuani. Alikuwa akinyoa mtu. Aliponiona akakunja uso. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa." Mashine ilikuwa ikinguruma, nikamwinamia sikioni, nikamwita jina nililomnyima miaka yote. "Shemeji, siku tisa hajameza. Mimi hanisikii. Nisamehe, twende."

Alinitazama kwa shaka, kama ninavyowatazama watu mimi. Kisha akazima mashine na kuchukua koti, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu.